Madirisha ya mbele hayakai sawa, kila moja na mahali pake. Nawezaje kurekebisha sura ya nyumba bila kubomoa?

BintiKihonda

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo, hasa kutoka kwa mafundi na wachora ramani mlioko humu.

Nina nyumba Kihonda, Morogoro. Aliijenga baba kwa awamu, chumba baada ya chumba kadiri mshahara ulivyoruhusu, na sasa nimeachiwa mimi niitunze. Nyumba ni imara. Msingi ni wa mawe, kuta ni za tofali la inchi sita, ufa wa kutisha hakuna, na bati tumeshabadilisha. Shida ni sura yake ya mbele. Kila chumba kilipata dirisha lake kwa wakati wake, na baba aliangalia kitanda kitakaa wapi na kabati litakaa wapi. Ndani kila chumba kinakaa vizuri sana, nashukuru kwa hilo. Ukisimama barabarani ndipo unaona madirisha yametawanyika.

Nimepima mwenyewe kwa futi kamba ili nisiwapotezee muda. Ukuta wa mbele una futi 46. Ukianzia kona ya kushoto: futi 2 na nusu za ukuta, dirisha la kwanza futi 5, ukuta futi 3, dirisha la pili futi 4, ukuta futi 4, mlango futi 3 na nusu, ukuta futi 2, dirisha la sebule futi 5, halafu ukuta mtupu futi 12 (nyuma yake ni kabati la kujengea la chumba kikubwa), kisha kidirisha cha choo futi 2 kwa 2, na futi 3 za mwisho.

Dirisha la kwanza na la sebule yana kimo cha futi 4, na juu yamelingana na mlango. Hilo la pili ndilo linaniumiza roho: lina kimo cha futi 3 tu, na juu limeshuka inchi 9 chini ya wenzake. Magrili nayo ni ya zama tatu: moja lina maua, moja vipande vya almasi, moja nondo zilizonyooka.

Fundi mmoja wa hapa mtaani ameniambia tubomoe madirisha yote ya mbele tuyapange upya. Mwingine anataka tufunike ukuta mzima kwa vigae vya mawe. Zote mbili ni hela ndefu, na ile ya kwanza inanitia hofu. Nyumba inatazama magharibi, kwa hiyo jua la jioni linapiga mbele moja kwa moja. Nataka ipendeze, ionekane imepangwa, na kazi ya baba isiharibiwe. Mngekuwa nyie mngeanzia wapi?

Kijana wa Msamvu

Pole dada, nyumba nyingi za kujenga kidogo kidogo ziko hivyo. Mimi ningefanya hivi: hilo dirisha la pili lipanue mpaka lilingane na mwenzake, na pale kwenye ukuta mtupu weka dirisha la uongo, yaani unachora fremu kwa plasta, unapachika kioo na grili, nyuma panabaki ukuta. Baada ya hapo kila dirisha lizungushie urembo wa plasta na uupige rangi nyeupe. Itatoka kama nyumba mpya.

FundiTimazi

Dada, kwanza hongera kwa kupima. Watu wengi wanaleta picha iliyopigwa kwa pembeni, ukiuliza vipimo hakuna. Wewe umeleta namba, na namba zako zimenifurahisha kuliko unavyodhani. Nimezichora kwenye karatasi ya miraba, na nyumba yako imebakiza kidogo sana ili ikae sawa.

Hebu angalia. Dirisha la kwanza, ukuta wa katikati na dirisha la pili: 5 na 3 na 4, jumla futi 12. Ukuta mtupu wa kulia: futi 12. Mlango, ukuta na dirisha la sebule: futi 10 na nusu. Ukijenga kibaraza cha upana wa futi 12 mbele ya mlango na dirisha la sebule, nguzo moja ikae futi 17 na nusu kutoka kona ya kushoto na nyingine futi 29 na nusu, tayari una vipande vitatu vya mbele vya futi 12 kila kimoja. Na katikati ya nyumba yako ni futi 23. Katikati ya hicho kibaraza ni futi 23 na nusu. Nusu futi kwenye ukuta wa futi 46 jicho la mpita njia haliikamati. Kushoto kwa kibaraza zinabaki futi 17 na nusu, kulia 16 na nusu. Kwa hiyo acha kuhesabu madirisha. Panga hivyo vipande vitatu.

Sasa kimoja kimoja.

Kushoto, madirisha mawili yageuke kitu kimoja. Zungusha ukingo mmoja wa plasta nje ya yote mawili, ukianzia usawa wa juu wa dirisha la kwanza mpaka usawa wake wa chini. Ndani ya ukingo, sehemu zote ambazo si kioo zipige rangi ya kijivu cha mkaa: zile futi 3 za katikati, zile inchi 9 juu ya dirisha dogo, na chini yake pia. Dirisha lako dogo lina kimo cha inchi 36 na limeshuka inchi 9, jumla 45. Wenzake wana inchi 48. Chini panabaki inchi 3 tu, nazo zinamezwa na rangi. Mchana kioo kikitazamwa kutoka nje huonekana cheusi, kwa sababu ndani kuna mwanga hafifu kuliko nje, kwa hiyo kioo na rangi ya mkaa vinashikana, na mtu wa barabarani anaona dirisha moja refu la futi 12. Lile lililoshuka huwezi kulitambua mpaka ulikaribie.

Katikati ni kibaraza. Kina kazi mbili. Kinaficha kwamba mlango na dirisha la sebule vimesongamana, kwa sababu vyote vinaingia kivulini. Na kwa kuwa unatazama magharibi, kinaokoa sebule na lile jua la saa kumi. Futi 6 za kina zinatosha kuweka viti na mtu akapita. Hapo ndani madirisha usiyawekee urembo wowote.

Kulia, ule ukuta mtupu uache mtupu. Kijana wa Msamvu, naheshimu wazo lako la dirisha la uongo, ila nimeona yakifanywa na sikuyapenda hata mara moja: hakuna pazia linalotikisika, hakuna taa jioni, na jua likilipiga unaona wazi kwamba nyuma yake kuna tofali. Ukuta safi wa futi 12 ni mali. Panda mti mmoja mdogo mbele yake, mkomamanga au mpera, futi kama 10 kutoka ukutani ili mizizi isisumbue msingi. Jua la jioni litakuwa nyuma ya mti, kivuli cha matawi kitaanguka ukutani. Hakuna kigae cha mawe kinachoweza kukupa hicho.

Kuhusu kuzungushia kila dirisha urembo mweupe, hapo sikubaliani kabisa. Ukiyawekea madirisha yasiyolingana fremu nyeupe zinazong'aa, unamwambia kila mpita njia ayahesabu. Urembo huo unafaa pale ambapo madirisha yamepangwa tangu ramani.

Na kupanua dirisha la pili: juu yake kuna lenta, ile boriti ya zege, iliyomwagwa kwa usawa huo ulioshuka. Ukitaka kulipandisha inchi 9 lazima uivunje hiyo lenta, uegemeze ukuta, umwage nyingine pana zaidi, uiache ikomae. Huo ukuta ndio umebeba kenchi, mbao za paa. Kazi hiyo inawezekana, lakini faida yake kwa macho ni ileile utakayoipata kwa ndoo ya rangi.

Mama wa Shangani

Assalaam aleikum. Mwanangu wa Kihonda, usione haya na madirisha ya babako. Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, na nikikwambia uende ukatafute pale nyumba ambayo madirisha yake ya nje yamepangana yote, utatembea sana. Na mji ule umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000.

Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari ikibebwa na boriti za mikoko. Boriti haziendi mbali, ndiyo maana vyumba vikawa vyembamba, kama mita tatu hivi, na virefu. Dirisha lilifunguliwa pale chumba kilipotaka upepo, na kwa urefu ambao mwanamke angeweza kukaa ndani bila ya kuonekana na mpita njia. Nje hakuna aliyejali kama la juu limesimama sawa na la chini. Basi jee, kwa nini zinapendeza? Ukuta mzima rangi moja ya chokaa, mlango umechongwa kwa mikono, na baraza ya mawe imeambaa chini ya ukuta. Jicho linakwenda mlangoni, linashuka barazani kwa waliokaa, basi limeshiba.

Kwa hivyo pesa yako weka mlangoni. Mlango wa mbao ngumu, mvule au mninga, wenye vizingiti vipana, hata usiwe na nakshi nyingi. Na ujenge baraza kama ile ya kukalia, usiikate kwenye nguzo ya kibaraza, iendeleze mpaka ule ukuta mtupu, iwe ndefu, kimo cha kukaa mtu mzima. Mstari mrefu ulionyooka chini unawatuliza hao madirisha waliokuwa juu.

BintiKihonda

Mama wa Shangani, shikamoo. Maneno yako yamenigusa, ahsante sana. Na FundiTimazi, nimekaa na karatasi yako ya miraba jioni nzima, sikuwahi kufikiria kuangalia futi 12 kwa futi 12. Mdogo wangu ameangalia mchoro akasema "mbona ni nyumba nyingine kabisa?"

Nina maswali matatu. Kidirisha cha choo kimekaa kona ya kulia peke yake, na pembeni yake limepanda bomba la choo mpaka juu ya bati: nifanyeje? Pili, magrili ya zama tatu, nayo niyaache? Tatu, ule ukingo wa plasta unafanywaje usije ukabanduka? Jirani yangu wake ulidondoka vipande baada ya masika mawili.

Kijana wa Msamvu

Fundi, nimekuelewa kuhusu dirisha la uongo, naliondoa. Ila swali: usiku taa zikiwaka ndani, si dirisha la pili litaonekana tena dogo na limeshuka?

FundiTimazi

Shikamoo Mama wa Shangani. Baraza ndefu naipokea kwa mikono miwili, na nimeiongeza kwenye mchoro. Ila dada, ule upande wa ukuta mtupu hautakalika saa kumi mpaka mti ukue, jua litakuwa usoni. Anza na mti msimu huu, baraza ya upande huo ifuate.

Kijana, usiku ni kweli litaonekana. Weka mapazia yanayofanana vyumba vyote viwili, yenye uzito, na taa ya kibarazani iwe ndiyo inayowaka zaidi kuliko zote za mbele. Usiku watu wanatazama penye mwanga mkubwa.

Sasa maswali ya dada.

Kidirisha cha choo kifanye kisionekane. Fremu yake, grili lake na lile bomba vyote vipigwe rangi ileile ya ukuta, na kioo kiwe cha ukungu mweupe. Usikipambe kwa chochote. Bomba la plastiki lisugue kwanza kwa msasa laini, ulifute vumbi, ndipo upake, la sivyo rangi inachuna kama ngozi ya kitunguu.

Magrili ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kwa nyumba zetu grili liko mbele ya kioo, kwa hiyo ndilo linaloonekana kwanza, na nusu ya hilo unaloliita kutawanyika nadhani linatoka hapo. Mwite fundi wa kuchomelea. Lile la nondo zilizonyooka liache. Haya mawili mengine yatolewe, yatengenezwe ya nondo za wima tupu, nafasi kati ya nondo na nondo iwe sawasawa na hilo unaloliacha, hiyo apime kabisa, asikadirie. Yote yapakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza, halafu kijivu cha mkaa. Lile la maua, kama baba alilichagua mwenyewe, usiliuze chuma chakavu. Linafaa kuwa kijigeti cha bustani, au lifungwe ukutani uani mmea upande juu yake.

Ukingo wa plasta sasa. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na ya jirani yako nina hakika iliwekwa juu ya rangi.

Fundi aanze na mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga. Kwenye ukuta mrefu nauamini kuliko pima maji ya mkononi. Ncha moja kwenye usawa wa juu wa dirisha la kwanza, nyingine mwisho wa dirisha la pili, maji yakitulia anaweka alama mbili, anapiga kamba ya rangi. Vivyo hivyo chini. Pembeni atumie timazi. Ukingo uwe na upana wa inchi 4.

Ndani ya hizo alama rangi ya zamani yote itolewe, atindue kwa nyundo na tindo mpaka plasta iwe na makovu ya kutosha kushika. Afagie vumbi, amwagie maji ukuta unywe. Kisha apake uji wa sementi, na kabla uji haujakauka apige plasta ya kwanza, ndoo moja ya sementi kwa nne za mchanga uliochekechwa. Unene jumla uwe inchi moja na nusu, kwa tabaka mbili. Asijaribu kuumaliza kwa mkupuo mmoja, maana plasta nene huvutwa na uzito wake kabla haijashika. Kati ya tabaka aweke wavu wa kuku uliogongewa misumari, na tabaka la kwanza alikwaruze likiwa bado bichi.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho lazima usimame ukione kwa macho yako. Ukingo wa juu, upande wake wa chini unaotazama dirisha, uwe na mfereji wa kudondoshea maji. Plasta ikiwa bado laini, fundi anachukua kipande cha nondo ya milimita 8 kilichonyooka, anakipaka mafuta, anakikandamiza kwa urefu wote wa ukingo, kama inchi moja kutoka uso wake wa nje, anasubiri plasta ishike kidogo, anakitoa. Panabaki kijimfereji. Mvua ikija, maji yanayoteremka ukutani yakifika pale yanadondoka chini badala ya kurudi ndani na kuchora ile michirizi myeusi chini ya dirisha. Na ukingo wa juu wenyewe, mgongo wake uinamie nje kidogo, maji yasituame. Ya jirani yako, maji yaliingia nyuma ya plasta, ukuta ukavimba na kusinyaa, vipande vikaachia.

Umwagilie siku saba, asubuhi na jioni. Kwa jua la Morogoro hata mchana ukipata mtu. Halafu uache. Plasta mpya ikae wiki nne kabla ya rangi, kwa sababu chumvi ya sementi ikiwa bado inatoka inakula rangi na kuacha mabaka meupe. Na kwenye rangi ya mkaa mabaka meupe yanaonekana mpaka ng'ambo ya barabara.

Rangi ya ukuta mzima iwe moja, krimu au ya maziwa. Chini, futi moja na nusu kutoka ardhini, piga mkanda wa mkaa uleule kuzunguka nyumba yote, matope ya masika yasionekane. Huo ndio ule mstari mrefu aliousema mama.

Lakini kabla hujanunua hata kilo moja ya sementi, fanya jaribio. Chukua kanga au mashuka ya rangi nzito, yatundike kwa kamba pale kati ya dirisha la kwanza na la pili na juu ya lile dogo, kwa vipimo vya kweli. Simamisha mbao mbili ndefu zitakapokuwa nguzo za kibaraza, futi 17 na nusu na futi 29 na nusu, fungia kamba juu yake. Vuka barabara saa kumi jioni jua likiwa linapiga, utazame. Mwite na mdogo wako. Kama kuna kitu hakijakaa, kusogeza kanga hakugharimu kitu.

BintiKihonda

Nimelifanya hilo jaribio jana na leo. Tumetundika mashuka mawili ya bluu iliyoiva, na mbao tumeazima kwa jirani. Fundi, lile dirisha la pili limepotea! Majirani wamekuja kuuliza tunajenga nini. Mama mmoja aliyemjua baba tangu anachimba msingi amekaa pale kwenye mbao za kibaraza kisichokuwepo, akasema hapo hapo baba alikuwa akiweka kiti chake jioni.

Kuna jambo moja tumeligundua. Kamba ya juu ya kibaraza tukiiweka usawa wa fasia (ubao wa mwisho wa paa), dirisha la sebule linakuwa giza. Tukiishusha, giza linabaki, na bati la kibaraza litakuwa chini ya bati kubwa na maji yote ya paa yatamwagikia juu yake. Tufanyeje?

FundiTimazi

Nimefurahi sana dada. Hapo mmeona wenyewe.

Ishushe. Bati la kibaraza liwe na mteremko mmoja, lianzie ukutani inchi 8 chini ya fasia, mbele liishie kwenye boriti iliyobebwa na nguzo zako mbili. Usilizibe pembeni kwa ukuta wala kwa mbao, mwanga wa kaskazini na kusini uingie, na mabati mawili ya katikati, mbele ya dirisha la sebule, yawe ya kupitisha mwanga. Giza litakwisha.

Maji ya paa kubwa usiyaachie. Weka mfereji wa bati kwenye fasia yote ya mbele, futi 46, uinamie kona ya kulia, na bomba la kushushia lipite pale pembeni ya bomba la choo, lipakwe rangi ya ukuta. Chini weka tangi au pipa. Huo mkomamanga utahitaji maji kiangazi cha kwanza. Na pale bati la kibaraza linapokutana na ukuta, fundi achimbe mfereji wa inchi moja ndani ya plasta, akunje kipande cha bati kiingie humo, azibe kwa sementi. Asikiegemeze tu ukutani na kukipaka lami, kitavuja masika ya kwanza.